"I was stolen": kauli ya kutendwa ya Kiingereza na sisi tuliozoea kutendewa

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafanya kazi ya kutafsiri kwa njia ya intaneti, bosi yuko nchi nyingine, hatujawahi kuonana uso kwa uso, mambo yetu yote ni imeili tu. Usiku mmoja nikaibiwa begi, ndani kulikuwa na simu na laptop, na kwenye laptop ndo kulikuwa na kazi ya watu ya kurasa arobaini ambayo ilibaki kidogo tu iishe. Asubuhi nikaazima kompyuta, mikono inatetemeka, nikaandika haraka haraka: "Sir, I was stolen last night. I am sorry, the work will be late." Nikatuma, nikaenda kuhangaika na mengine. Jioni nafungua nakuta imeili nne. Ya kwanza ananiuliza kama niko salama. Ya pili ananiuliza ni nani walionichukua na kama wameshaniachia. Ya tatu amemwandikia mwenzake wa ofisini na mimi kaniwekea nakala, anasema kuna mwenzetu ametekwa. Ya nne ananiomba nijibu hata neno moja tu.

Yule mzee alishinda siku nzima na hofu kwa sababu ya maneno matatu niliyoandika mimi, na hiyo kitu iliniuma kuliko hata laptop. Nikamwomba radhi, nikamweleza, akanielewa, yakaisha. Ila kwangu hayakuisha, manake nilikaa najiuliza nimekosea wapi hasa. Kiima nimeweka, "was" nimeweka, kitenzi nimeweka umbo lake la tatu vile inavyotakiwa, kwa kanuni niliyosoma shule ile sentensi haina kosa hata moja. Na kweli haina! Sentensi ni safi kabisa kwa grama ya Kiingereza, tatizo ni kwamba inasema kitu kingine, inasema mimi ndo kitu kilichoibwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kukusanya sentensi za namna hii, zangu na za wengine ninaowasaidia kuhariri, na kuna jambo moja nimeliona ambalo natamani ningeambiwa nikiwa darasani. Tulifundishwa kutendwa kama mchezo wa kuhamisha viti. Chukua kinachotendwa kipeleke mbele, weka "be", weka kitenzi umbo la tatu, halafu "by", halafu mtenda. Mvulana anapiga mpira, mpira unapigwa na mvulana. Tulifanya mazoezi hayo mpaka tukaota, na kila zoezi lilikuwa na mtu mmoja anayefanya na kitu kimoja kinachofanywa, basi, hakuna mtu wa tatu amesimama pembeni ambaye hiyo habari inamhusu. Sasa sisi waswahili huyo mtu wa tatu ndo tunamjali kuliko wote.

Angalia lugha yetu ilivyojipanga. Kuiba, kuna kuibwa na kuna kuibiwa. Simu imeibwa, mimi nimeibiwa. Hiyo silabi moja katikati inafanya kazi kubwa sana, ndo kauli ya kutendea, inamwingiza mtu ambaye kitendo kimemfikia hata kama hakikumgusa mwili. Ukishamwingiza unaweza kumtanguliza, kutendea inakuwa kutendewa. Nimeandikiwa barua, nimepikiwa, nimeshonewa, nimefungiwa mlango, nimechanganyiwa mafaili, nimepotezewa muda. Mbele ya sentensi anakaa binadamu, aliyepata faida au aliyepata hasara, na vitu vinafuata nyuma yake. Wengine siku hizi hata simu wanaisema "imeibiwa", sawa, mazungumzo yana mambo yake, lakini hakuna mswahili atakayesikia "nimeibiwa" akadhani umetekwa.

Kiingereza hakina hiyo silabi. Kitenzi kinakuja na mlango wake mmoja, na kila kitenzi kimeshaamua zamani ni nani anaruhusiwa kupita hapo. "Steal" kinapitisha kitu tu. "Rob" kinapitisha mtu, au benki, au nyumba. Kwahiyo "my phone was stolen" na "I was robbed", na ukitaka vyote viwili unasema "I was robbed of my phone". Vitenzi viwili tofauti kabisa kwa kazi ambayo sisi tunaifanya na kimoja tukiongeza kiambishi katikati. Ndo maana ukifikiria kwa Kiswahili halafu ukatafuta neno moja moja kwenye kamusi unaangukia pale nilipoangukia, kamusi inakwambia iba ni "steal", haikwambii kwamba mlango wa "steal" mtu hapiti.

Kuna njia nyingine ambayo Kiingereza kimejitengenezea, na mi naipenda sana kwa sababu inafanana na tunavyofikiri: "I had my phone stolen". Mimi niko mbele, simu inafuata, tukio mwishoni. Hii ndo tafsiri ya karibu kabisa ya nimeibiwa simu. Na muundo huohuo unabeba mambo mazuri na mabaya bila kubagua, "I had my hair cut" ni nimenyolewa, nimekwenda mwenyewe kwa hiari yangu, "I had my application rejected" ni nimekataliwa maombi, sikupenda. Msikilizaji anajua kwa akili ya kawaida ni lipi ulilipenda na lipi lilikupata. Shuleni hii huwa inawekwa mwishoni kabisa mwa kitabu, kwenye kurasa ambazo muhula unaisha kabla hamjazifikia, wakati kwa mtu anayetoka kwenye Kiswahili ilitakiwa iwe ukurasa wa kwanza.

Sasa usije ukadhani Kiingereza kinamkataa mtendewa moja kwa moja, hapana, kuna vitenzi vinampokea vizuri tu. "I was given a book", nilipewa kitabu. "I was told", niliambiwa. "I was shown", "I was taught", "I was asked", "I was paid", "I was promised". Hapa mswahili anatembea kifua mbele. Halafu anafika "I was explained the problem" na "I was suggested to wait" na "I was said that", na hapo mwalimu anachora mstari mwekundu bila kutoa sababu. Kwetu ni kitu kimoja, niliambiwa, nilielezwa, nilishauriwa, kwanini huku kimoja kikubaliwe na kingine kikataliwe?

Sababu ipo. Ukisema "tell" unaweza kumtaja mtu hapohapo, "tell me". Ukisema "explain" lazima uweke daraja katikati, "explain to me". Anayehitaji daraja la "to" hawezi kukaa mbele, unalazimika kusema "the problem was explained to me". Na hii migawanyo haikutokea hivihivi, vitenzi vingi vinavyodai daraja vimetoka Kilatini au kupitia Kifaransa, "explain", "describe", "mention", "suggest", "announce", na vingi vinavyomkumbatia mtu moja kwa moja ni vile vya asili vya Kiingereza, "give", "tell", "show", "teach". Siyo sheria ya chuma, "promise" na "pay" ni za wageni na zinampokea mtu vizuri tu, "say" ni ya wenyewe na inamkataa. Ila mi huwa nawaambia ninaowasaidia, usijaribu kwanza na sentensi ya kutendwa, jaribu na ya kutenda: je unaweza kusema "kitenzi + me" bila "to"? Kama masikio yanakubali, basi "I was" nayo itakubali. Hiki kipimo kimeokoa sentensi nyingi sana.

Na kuna kitu kilinifurahisha nilipokuja kukisoma, kwamba hata hiyo "I was given" haikuwepo tangu mwanzo. Kiingereza cha zamani kilikuwa kinasema kwa mtindo wa "me was given a book", yaani mtu anatajwa mbele lakini siyo kiima, bado amevaa umbo la mtendewa, kama vile tungesema "kwangu kilipewa kitabu". Maneno yalikuwa na viambishi vya mwisho vinavyoonyesha nani ni nani. Viambishi vikachakaa vikadondoka, watu wakazoea kwamba anayekaa mbele ya kitenzi ndo kiima, na kufikia karne ya 14 na ya 15 hivi huyu mtu aliyekuwa amekaa mbele kwa kuazima kiti akapewa kiti chenyewe. Kwahiyo Kiingereza chenyewe kilisogea upande wetu, taratibu, bila mtu kukilazimisha.

Kilisogea hata zaidi ya hapo, na hapa ndo kuna sehemu ambayo mi nikiielezea huwa sauti inapanda. Chukua "this bed has been slept in". Ukiiangalia kwa mara ya kwanza inaonekana kama sentensi iliyokatwa mkia, "in" inaning'inia mwishoni haina cha kushika. Walimu wengi huwa wanaipita kimyakimya. Lakini itafsiri: kitanda kimelaliwa. Neno moja! Kulala halina yambwa, huwezi kulala kitu, lakini ukiweka kutendea inakuwa kulalia, na kulalia kina yambwa, kitanda, halafu kutendwa yake ni kulaliwa. Sasa ile "in" inayoning'inia pale mwisho ndo ileile "i" yetu iliyoko katikati ya kimelaliwa, kabla ya "wa". Kazi ni moja. Wao wanaibandika nje baada ya kitenzi, sisi tunaishona ndani. "The chair has been sat on", kiti kimekaliwa. "She was waited for", alingojewa. "The matter is being looked into", suala linaangaliwa kwa undani, hapo sisi ndo tunapungukiwa tunaongeza maneno. Kosa letu kubwa hapa ni kuidondosha hiyo "in" au "on" au "for", tunaandika "the chair has been sat", manake kwenye kichwa chetu kile kipande kimeshamezwa ndani ya kitenzi. Mtu akishaona kwamba "on" ndo kutendea, haidondoshi tena. Nimeliona hilo kwa watu wengi, wanasoma mara moja wanacheka kwa kushangaa halafu wanashika milele.

Ila kuna mahali Kiingereza hakifiki hata kikikimbia. Nimekimbiwa na mwenzangu. Nimeharibikiwa na gari. Nilipitiwa na usingizi. Hiyo ya usingizi jaribu kuipeleka neno kwa neno, "I was passed by sleep", mzungumzaji wa Kiingereza atakutazama tu. Kwao ni "I dozed off", mtu ndo anafanya, usingizi hautajwi. Kwetu usingizi unatembea, unakupitia ulipo, wewe umekaa. Na gari je, kuna kijana alinitumia barua yake ya kuomba msamaha kazini ameandika "I was broken down by the car", na mi nikamwelewa kwa asilimia mia, nimeharibikiwa na gari, lakini nikajua kabisa anayeipokea ataona picha ya gari linalompiga binadamu mpaka anavunjika. Tukaandika "My car broke down on me". Ona hiyo "on me" mwishoni, huyo ndo mtendewa wetu, katupwa nyuma kabisa ya basi lakini bado yumo.

Hapo kwenye kuharibika na kuvunjika ndo tunafika kwenye shimo jingine. Sisi tuna kuvunjwa na tuna kuvunjika, kutendwa na kutendeka. Glasi imevunjwa, kuna mtu. Glasi imevunjika, imevunjika tu, hatuulizi na wala sentensi haina nafasi ya "na fulani". Mtoto mdogo wa miaka mitatu anajua tofauti hii, muulize nani kavunja atakwambia imevunjika. Sasa akija kwenye Kiingereza mtu mzima anaandika "the glass was broken" kwa maana ya ilivunjika, na hajui kwamba ameacha mlango wazi kwa swali la "by whom?". Kutendeka kwetu mara nyingi sana kwa Kiingereza siyo kutendwa kabisa, ni kitenzi cha kawaida: "the glass broke", "the door opened", "the rope snapped". Hakuna "was" hapo. Nimewahi kuhariri ripoti ya ajali ya kazini ambamo "was broken" ilitokea mara sita, na mwandishi alimaanisha mashine ilivunjika yenyewe, na kama ingeenda vile ilivyo mtu asiye na hatia angeanza kutafutwa. Hilo mi siwezi kuliita kosa dogo la grama.

Na kibaya zaidi "is broken" yenyewe ina sura mbili. "The window is broken" ni hali, dirisha ni bovu, limevunjika. "The window was broken at midnight" ni tukio, lilivunjwa. Umbo lilelile. Chukua "the library is closed at six", inaweza kuwa maktaba hufungwa saa kumi na mbili, na inaweza kuwa ukienda saa kumi na mbili utakuta imeshafungwa. Sisi alama za wakati zinatusaidia, hufungwa, inafungwa, imefungwa, kila moja na yake. Wajerumani nao wana vitenzi viwili tofauti, "wird geschlossen" mlango unafungwa, "ist geschlossen" mlango umefungwa. Na Kiingereza cha kale kilikuwa nacho hicho cha kwanza! Kiliitwa "weorthan", ndugu kabisa wa "werden" ya Kijerumani, kikatumika kwa matukio, halafu katika karne za kati kikafifia mpaka kikapotea, "be" ikaachiwa mzigo wote. Nadhani ndo maana watu wakatafuta kitu cha kuziba pengo, na kuanzia karne ya 17 hivi "get" ikaanza kuingia: "he got hurt", "they got caught", "the window got broken". Hiyo ni tukio, haiwezi kuwa hali. Walimu wengi wanaikataza kwamba siyo Kiingereza kizuri, na kweli kwenye barua rasmi nisingeiweka, lakini katika mazungumzo inafanya kazi ambayo "be" peke yake haiwezi.

Na kuna "is being". Nyumba inajengwa, "the house is being built", leo ni ya kawaida kabisa. Zamani walikuwa wanasema "the house is building", nyumba inajenga! Umbo la "is being" lilichelewa mno, mfano unaotajwa sana wa mwanzoni ni barua ya mshairi Robert Southey ya mwaka 1795, na karne iliyofuata wakawepo wataalamu wa lugha walioichukia wazi, Mmarekani Richard Grant White aliishambulia vikali kwenye kitabu chake cha mwaka 1870 kwamba ni upuuzi mtupu. Leo hakuna anayekumbuka ugomvi huo. Huwa nawaambia hii wale wanaoona aibu kukosea, kwamba umbo unalohangaika nalo wewe wenye lugha wenyewe waliligombania.

Hapohapo niseme la "been" na "being" nipite, manake kwa masikio yetu ni sauti moja na kwenye maandishi zinabadilishana viti kila siku. "Been" inafuata "have, has, had". "Being" inafuata "is, was, are". Kazi imefanywa, "has been done". Kazi inafanywa, "is being done". Imekwisha ni "been", inaendelea ni "being". Ukiona "has being" au "is been" kwenye uandishi wako futa bila kufikiri.

Mtenda naye. Kwetu ni "na" kwa mtenda na "kwa" kwa kifaa, aliuawa na mwizi, aliuawa kwa jiwe, na Kiingereza nacho kinatenga, "by" na "with", kwahiyo hapa hatuna shida sana. Shida iko kwenye kumtaja asipohitajika. Yale mazoezi ya shule yalitufanya tuamini "by" ni sehemu ya lazima, matokeo yake tunaandika "I was born by my mother" na "English is spoken by people". Sentensi nyingi za kutendwa zinazoandikwa na wenye Kiingereza hazina "by" kabisa, na hiyo ndo sababu ya kuzitumia, kwamba mtenda hajulikani, au anajulikana mno mpaka kumtaja ni kupoteza wino, au mwandishi hataki ajulikane.

Hilo la mwisho limeifanya kauli hii ichukiwe. Tarehe 27 Januari 1987 Rais Reagan wa Marekani akihutubia bunge lao kuhusu suala la silaha na Iran alisema "serious mistakes were made", na hiyo "mistakes were made" imebaki kuwa mfano wa mtu anayekiri kosa bila kusema ni la nani. Nimejaribu kuitafsiri mara nyingi na kila mara mkono unaenda wenyewe kwenye "makosa makubwa yalifanyika". Siyo yalifanywa. Yalifanywa bado inaacha njaa, unauliza na nani. Yalifanyika inafunga mlango kabisa, kama vile makosa yalinyesha kama mvua. Kwahiyo wenzetu wanalalamikia kutendwa wakati sisi tuna chombo kikali zaidi cha kumficha mtu, na tunakisikia kila siku kwenye taarifa, fedha zilipotea, mafaili hayakuonekana, bila kushtuka. Mi nashtuka siku hizi. Nikikutana na "yalifanyika" kwenye tafsiri yenye fedha au watu waliokufa ndani yake nasimama kwanza.

Ila ule ushauri wa kukimbia kutendwa kabisa siukubali. Mwandishi Mwingereza George Orwell mwaka 1946 aliandika kwenye makala yake moja usitumie kutendwa pale unapoweza kutumia kutenda, na sentensi ya kwanza kabisa ya makala ileile ina "it is generally assumed" ndani yake. Sisemi hivyo kumsuta, nasema hata aliyeikataza aliihitaji, na aliihitaji pale pale ambapo mtenda ni watu wote na hana jina. Hata tangazo la uhuru la Marekani la mwaka 1776 linasema watu "are created equal" halafu "are endowed by their Creator", ya kwanza haina mtenda, ya pili inaye, na ukizibadilisha zote kuwa za kutenda Muumba ndo anakuwa kiima na binadamu, ambao ndo habari yenyewe, wanasogea nyuma.

Na hiyo "it is assumed", "he is said to be", "it is believed", kwa Kiswahili usiende inasemwa, inaaminiwa. Sisi tunatumia inasemekana, inaaminika, inajulikana, inaonekana, yaani kutendeka tena. "She is said to be ill" ni inasemekana anaumwa. Tofauti kidogo ni kwamba wao wanaweza kumvuta mgonjwa mpaka mbele na kumpa hiyo "is said", sisi tunaacha inasemekana isimame peke yake mwanzoni halafu yeye anafuata na kitenzi chake. Ukitafsiri kwenda Kiingereza anza na "it is said that", uko salama, baadaye ukizoea utamvuta.

Kulikuwa na kuzaliwa na kufiwa ambavyo nilikuwa nimeviweka vya mwisho. Kuzaliwa hatugombani, "I was born", nilizaliwa, lugha zote mbili zinakubali kwamba hilo jambo hatukulifanya wenyewe. Kufiwa ndo kumenisumbua. Kufa hakuna yambwa, hakuna anayekufa kitu, lakini sisi tukachukua kufa tukaingiza kutendea ikawa kufia, tukaingiza kutendwa ikawa kufiwa, na neno moja, amefiwa, linasema kuna mtu amekufa na kifo kile kimetua juu ya huyu aliye hai. Sijaona Kiingereza kikifanya hivyo kwa "die".

Mwaka jana rafiki yangu alifiwa na baba yake, usiku, na asubuhi alitakiwa amwandikie mwajiri ambaye anatumia Kiingereza tu. Akanitumia alichoandika niangalie. Ilikuwa "I was died by my father". Nililia, manake nilimwona kabisa pale mbele ya sentensi yake mahali ambapo Kiswahili kilimkalisha, na nilijua lazima nimtoe. Nikampa "I have been bereaved". Akaniuliza, dada, hilo neno maana yake nini hasa, nisije nikaweka nisichokijua. Nikaenda kuangalia asili yake ili nimjibu vizuri. "Bereave" kwa Kiingereza cha kale ilikuwa ni kupora, kumnyang'anya mtu kitu chake kwa nguvu, na ina ukoo mmoja na "rob". Yaani "bereaved" ni umbo la kutendwa, na maana yake ya mwanzo ni aliyeporwa. Nilikaa nimeshika simu kwa muda. Neno nililolikosa ile siku ya begi na neno la kufiwa, shina moja.

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema ni zuri ila ni kubwa, baba hakuwa mtu wa maneno makubwa, na yeye hataki "my father died" kwa sababu hapo yeye hayumo. Tukajaribu tena mbili tatu. Mwisho akaandika mwenyewe, "I lost my father last night", ambayo hata siyo kutendwa, ni kutenda kawaida kabisa, lakini yeye yuko mbele na baba yuko pembeni yake palepale. Nikamwambia iko sawa, usiguse tena. Akatuma.